Kufungia Dondoo la Mmea Katika Shanga Zinazotoa Dawa Polepole kwa Ugonjwa wa Viungo: Mwongozo Kamili wa Maabara

Unga wa manjano una kurkumini, molekuli inayoupa rangi yake, na ndugu zake, ambazo kwa pamoja huitwa kurkuminoidi, kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 5 tu ya uzito wake. Kiasi hicho kidogo, kikimezwa bila kinga yoyote, hukutana na vikwazo vitatu kabla hakijakaribia goti linalouma. Kwanza, molekuli ya kurkumini karibu haiyeyuki kabisa katika maji. Pili, katika majimaji yasiyo na tindikali huoza upesi: katika bafa (majimaji ya maabara ambayo pH yake haibadiliki kwa urahisi) ya pH 7.2 yenye joto la nyuzi 37 za Selsiasi, takriban asilimia 90 huharibika ndani ya nusu saa. Tatu, kile kinachobahatika kupenya ukuta wa utumbo hukamatwa na vimeng'enya vya utumbo na ini, vikakigeuza kuwa umbo jingine na kukitayarisha kutolewa mwilini.

Nimeanza na vikwazo hivyo kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wanaoingia katika kazi hii hudhani kwamba kufungia dondoo, yaani kile kilichochomolewa kwenye mmea, ndani ya chembe ndogo kunaliongezea nguvu. Hakuongezi. Chembe hiyo huamua mahali ambapo dawa itaachiwa na mwendo wa kuachiwa kwake, basi. Kikwazo cha pili inaweza kukipunguza sana, cha kwanza kwa kiasi fulani, na cha tatu haikigusi hata kidogo. Anayelielewa hilo kabla ya kupima gramu ya kwanza hujiepusha na miezi kadhaa ya kazi isiyo na faida.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutengeneza shanga za alginati (jeli itokanayo na mwani) zenye dondoo la manjano katika maabara ndogo, kuzivisha utando wa kitosani (itokanayo na maganda ya kamba na kaa), kuzipima na kuzitathmini. Umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa famasia na kemia, mafundi wa maabara, na watafiti wa tiba asili wanaotaka kutoka kwenye unga wa kijiko na kuingia kwenye kipimo kinachojulikana. Hauwahusu wagonjwa wanaotafuta dawa ya kujitengenezea nyumbani, na sababu zake zitaonekana mbele.

Kwa nini polepole, na kwa ugonjwa upi

Tunaposema ugonjwa wa viungo tunachanganya magonjwa yasiyofanana. Katika ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, gegedu linalofunika ncha za mifupa huliwa polepole kwa miaka, na maumivu huja hasa kiungo kinapotumika. Katika baridi yabisi, kinga ya mwili yenyewe hushambulia utando wa ndani wa kiungo, na mgonjwa huamka akiwa amekakamaa vidole kwa saa nzima au zaidi. Jongo nalo hutokana na fuwele za asidi ya yuriki, huvamia ghafla na huhitaji dawa ya haraka, kwa hiyo chembe za kutoa dawa polepole hazina nafasi kubwa katika shambulio lake.

Wazo la kupanga saa ya dawa kuachiwa limekwisha kutumika katika tiba ya kawaida. Ipo prednisoni, dawa ya kupunguza uvimbe, ya baridi yabisi inayomezwa wakati wa kulala, mnamo saa nne usiku, na kuachia dawa yake saa nne baadaye, kwa sababu kemikali zinazochochea uvimbe hupanda katika saa za alfajiri. Kwa goti lililochakaa, mwaka 2017 Marekani iliidhinisha sindano ya triamsinoloni, dawa nyingine ya uvimbe, iliyofungiwa ndani ya chembe za polima (molekuli ndefu kama mnyororo) inayooza mwilini, ambayo huachia dawa ndani ya kiungo kwa wiki kadhaa. Bidhaa zote mbili ni za viwanda vyenye udhibiti mkali, na ile ya sindano hutengenezwa katika mazingira yasiyo na vimelea. Kudunga chochote kilichotengenezwa kwenye maabara ya kawaida ndani ya kiungo cha mtu ni hatari kubwa ya kuingiza vimelea, na mwongozo huu unahusu shanga za kumeza peke yake.

Kwa dawa ya kumeza, upo mpaka ambao wabunifu wengi huusahau. Chakula na dawa hupita katika utumbo mwembamba kwa muda wa saa tatu hadi nne hivi, na huko ndiko ufyonzwaji mwingi unakofanyika. Shanga inayojivunia kutoa dawa kwa saa 24 kwenye bika la maabara itakuwa imekwisha kufika utumbo mpana ikiwa bado na shehena yake. Kwa hiyo lengo la busara ni hili: dawa kidogo iwezekanavyo iachiwe tumboni kwa saa mbili za mwanzo, kisha sehemu kubwa iachiwe katika saa nne hadi sita zinazofuata.

Kuchagua mmea na kifungio chake

Kila mmea una udhaifu wake, na kifungio huchaguliwa kwa kuuangalia udhaifu huo. Asidi za ubani wa jamii ya Boswellia serrata, ambazo huzuia kimeng'enya kinachotengeneza viini vya uvimbe viitwavyo lukotraini, hupenda mafuta, na hufyonzwa vizuri zaidi zikiliwa pamoja na mlo wenye mafuta. Hizo hufaa kufungiwa katika chembe za mafuta magumu kuliko katika jeli ya maji. Harpagosidi, kiambato cha Harpagophytum procumbens, mmea wa nyika kavu za kusini mwa Afrika, huyeyuka katika maji, na kwa hiyo huvuja kwa urahisi wakati shanga zinapokazwa ndani ya beseni la maji. Tangawizi ina jinjeroli zinazogeuka kuwa shogaoli zikipashwa joto, hivyo yeyote anayeikausha kwa nguvu anakuwa na dondoo jingine bila kujua.

Nimechagua manjano kwa sababu rangi yake humfunza mwanafunzi. Kurkumini ikivuja, beseni hugeuka njano mbele ya macho yako, na ikioza katika bafa, rangi hufifia. Tutatumia alginati ya sodiamu, polima inayotokana na mwani wa kahawia. Minyororo yake ina vipande vinavyozikamata ioni za kalsiamu kama trei inavyoyashika mayai. Minyororo miwili ikiishika kalsiamu kati yake, myeyusho hugeuka jeli papo hapo. Katika tindikali ya tumbo jeli hiyo husinyaa na kufunga vinyweleo vyake, na katika majimaji ya utumbo huvimba, hupoteza kalsiamu na hatimaye huyeyuka. Tabia hiyo ndiyo hasa tunayoitaka.

Vifaa vinavyohitajika ni mizani ya kupima hadi miligramu, kikorogeo cha sumaku, bomba la sindano lenye sindano ya geji 21 hadi 23, kipimio cha pH, tanuri ndogo ya kukaushia, mashine ya kuzungusha kwa kasi ili kutenganisha machujo, na spektrofotomita, chombo cha kupima mwanga unaofyonzwa na myeyusho. Kemikali ni ethanoli ya asilimia 96, alginati ya sodiamu, kloridi ya kalsiamu, kitosani, asidi ya asetiki, polisobati 80, sitrati ya sodiamu, asidi ya hidrokloriki, chumvi za fosfati, na kurkumini safi ya kulinganishia. Methanoli isitumike kwa kitu kitakachomezwa, hata kama inachomoa vizuri: ni sumu, na mabaki yake yana kikomo kikali zaidi kuliko ya ethanoli.

Hatua ya kwanza: kupata dondoo linalojulikana

Mashina ya ardhini ya manjano yaoshwe, yakatwe vipande vyembamba na kukaushwa kivulini au katika tanuri isiyozidi nyuzi 50, kisha yasagwe na kuchekechwa. Ukinunua unga uliokwisha sagwa, uupime madini ya risasi kabla ya jambo lolote. Manjano hughushiwa kwa kromati ya risasi ili yang'ae, na ukichomoa na kufungia unga wa namna hiyo utakuwa umemtengenezea mgonjwa sumu nadhifu.

Loweka gramu 100 za unga katika lita moja ya ethanoli ndani ya chupa ya rangi ya kahawia kwa saa 72, ukiitikisa mara kadhaa kila siku. Chuja kwa kitambaa, kisha kwa karatasi ya maabara. Ethanoli ivukizwe kwa shinikizo la chini katika nyuzi 40 mpaka libaki tope zito la rangi ya machungwa iliyokolea. Lipime uzito. Ukipata gramu 9, mavuno yako ni asilimia 9.

Sasa inakuja hatua ambayo huachwa mara nyingi mno: pima ni kiasi gani cha kurkuminoidi kimo ndani ya zile gramu 9. Andaa myeyusho wa kurkumini safi katika ethanoli kwa viwango vya mikrogramu 1, 2, 3, 4 na 5 kwa mililita, usome kiasi cha mwanga kinachofyonzwa katika nanomita 425, na uchore mstari wa kulinganishia. Katika viwango hivyo usomaji utakuwa kati ya takriban 0.16 na 0.8, eneo ambalo chombo huaminika. Kisha zimua dondoo lako hadi liangukie ndani ya mstari huo. Spektrofotomita huzisoma kurkuminoidi zote kwa jumla bila kuzitenganisha. Kuzitenganisha ni kazi ya kromatografia. Kwa mfano wetu tuseme dondoo limeonekana kuwa na asilimia 30. Iandike namba hiyo kwenye chupa, funga, weka kwenye jokofu mbali na mwanga.

Hatua ya pili: hesabu kabla ya kuchanganya

Fungu la kwanza la mfano litakuwa na mililita 100 za myeyusho wa alginati wa asilimia 2, yaani gramu 2 za alginati, pamoja na gramu 0.5 za dondoo. Gramu 0.5 za dondoo lenye asilimia 30 zina miligramu 150 za kurkuminoidi. Tukikadiria kwamba asilimia 80 itabaki ndani ya shanga, tunakuwa na miligramu 120. Shanga zikikauka na kuwa na uzito wa gramu 3, kila gramu ina miligramu 40, na kapsuli ya namba 0 inayobeba takriban gramu 0.4 za shanga itakuwa na miligramu 16.

Miligramu 16. Majaribio mengi ya kitabibu kuhusu manjano na goti yametumia mamia ya miligramu kwa siku, mengine hadi gramu 1.5. Kwa upande wa usalama, kamati ya pamoja ya wataalamu wa viongeza vya chakula ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo iliweka kiwango cha kila siku cha kurkumini kama kiongeza cha chakula kuwa hadi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, ambacho kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 180. Hata kukifikia kiwango hicho cha chakula tu, mtu huyo angehitaji kapsuli zaidi ya 11.

Hesabu hii ya dakika tano huwavunja moyo wengi, na ni afadhali ikuvunje moyo ukiwa na kalamu kuliko ukiwa na ndoo ya shanga. Njia za kutoka zipo. Dondoo laweza kuongezwa hadi gramu 2, likawa sawa na uzito wa alginati. Kwa makadirio yale yale kapsuli moja hupanda hadi karibu miligramu 40, ingawa shanga hupoteza umbo na zaidi ya asilimia 20 huenda ikavuja. Dondoo laweza pia kusafishwa zaidi ili kurkuminoidi zipande kutoka asilimia 30 hadi 80 au zaidi kabla ya kufungiwa. Kwa maoni yangu njia hii ya pili ni bora, kwani kufungia dondoo hafifu ni kubeba mchanga kwenye gunia la hariri. Kwa kujifunza, hata hivyo, anza na gramu 0.5.

Hatua ya tatu: kutengeneza shanga

Pasha moto kidogo mililita 90 za maji yaliyokenekwa, washa kikorogeo mpaka maji yafanye kizingia, na unyunyize alginati kidogo kidogo pembeni mwa kizingia hicho. Ukiimwaga kwa mkupuo itafanya mabonge yenye ngozi laini nje na unga mkavu ndani, kama ugali uliosongwa kwa haraka, na mabonge hayo hayayeyuki tena kwa subira ya kawaida. Maji ya bomba yasitumike. Nilipoanza kazi hii nilifikiri sharti hilo ni la watu wa kujitia unadhifu, nikatumia maji ya bomba yenye chumvichumvi. Kalsiamu iliyokuwamo ilianza kugandisha alginati ndani ya bika, na sindano ikaziba kila baada ya matone machache. Nilipoteza siku nzima nikizibua sindano kabla sijashuku maji.

Acha myeyusho utulie usiku kucha ili mapovu yapande na kutoka. Povu linaloingia ndani ya ushanga huufanya uelee, ukauke na tundu, na uachie dawa kwa mwendo usiotabirika.

Asubuhi yake, yeyusha gramu 0.5 za dondoo katika mililita 5 za ethanoli pamoja na gramu moja ya polisobati 80, ambayo kazi yake ni kuyatawanya matone ya dondoo na kuyazuia yasirudi kuungana. Mimina taratibu ndani ya alginati huku kikorogeo kikizunguka kwa kasi, ongeza maji kufikia mililita 100, na ukoroge kwa nusu saa. Ethanoli isizidi kiasi hicho kwa mbali, kwa sababu ikiwa nyingi huifukuza alginati kutoka kwenye maji ikawa nyuzi nyeupe. Mchanganyiko mzuri una rangi ya njano iliyosambaa sawasawa. Ukiona nukta za machungwa chini ya bika, dondoo halijatawanyika, na shanga zako zitatofautiana kipimo hata zikifanana sura.

Andaa mililita 200 za kloridi ya kalsiamu ya asilimia 2 katika bika pana, iwe inazunguka polepole. Jaza mchanganyiko kwenye bomba la sindano, shikilia ncha sentimita 5 hadi 10 juu ya uso wa maji, na udondoshe tone moja moja. Hapa mkono hujifunza wenyewe. Tone likidondoka kutoka chini mno huingia na mkia wake likaganda kama chozi. Likidondoka kutoka juu mno hupasuka au kubanjuka kama chapati. Ukibonyeza kwa nguvu, matone huungana yakawa uzi mrefu. Mchanganyiko ukiwa mzito mno, mkia hubaki hata urefu ukiwa sahihi, na dawa yake ni kupunguza alginati hadi asilimia 1.5. Ushanga mzuri ni duara la milimita 2 hadi 3, unateleza kati ya vidole na kurudi kwenye umbo lake ukiuminya.

Muda wa kuziacha shanga kwenye beseni ni suala la kupima faida na hasara. Dakika chache huziacha na kiini laini, na saa nyingi huzikaza lakini huku dawa ikivuja. Kwa manjano dakika 20 hadi 30 zinatosha. Chuja, usitupe maji ya beseni, suuza shanga mara mbili kwa maji yaliyokenekwa, na usitupe maji ya kusuuzia pia. Yote hayo yatapimwa.

Utando wa kitosani

Alginati peke yake huachia dawa upesi ifikapo kwenye utumbo, pengine kwa saa moja au mbili. Kitosani, polima inayopatikana kwa kuchakata maganda ya kamba na kaa, ina chaji chanya, nayo alginati ina chaji hasi. Zikikutana hushikana na kufanya ngozi inayopunguza kasi hiyo. Yeyusha kitosani ya asilimia 0.5 katika asidi ya asetiki ya asilimia 1, rekebisha pH iwe karibu 5, tumbukiza shanga kwa dakika 20 hadi 30 huku zikizungushwa polepole, kisha zisuuze. Mtu mwenye mzio wa kamba na kaa aonywe kwenye lebo, kwa sababu ya asili ya kitosani.

Sambaza shanga kwa safu moja kwenye sinia lenye karatasi isiyonata na uzikaushe katika nyuzi 40, gizani, hadi uzito usibadilike. Zitasinyaa hadi kama milimita moja na kuwa ngumu kama mbegu za mtama. Udogo huo una faida yake: chembe zilizo chini ya milimita 2 hutoka tumboni pamoja na majimaji hata baada ya mlo, ilhali kidonge kimoja kikubwa huweza kukaa tumboni kwa saa nyingi. Tena, ushanga mmoja ukiwa na kasoro unaharibu kipande kidogo tu cha dozi.

Hatua ya nne: kiasi gani kimebaki ndani

Chukua miligramu 50 za shanga kavu, ziloweke katika mililita 10 za sitrati ya sodiamu ya asilimia 3. Sitrati huipokonya alginati kalsiamu yake, na ushanga hulegea. Utando wa kitosani hautayeyuka wote, kwa hiyo zisage shanga kwanza au tumia mawimbi ya sauti kuzivunja. Ongeza mililita 40 za ethanoli, koroga, zungusha kwenye mashine ili alginati iliyojitenga izame, kisha zimua maji ya juu kwa ethanoli na uyasome kwa nanomita 425.

Ufanisi wa ufungiaji ni kiasi kilichopatikana ndani ya shanga zote, kikigawanywa kwa kiasi ulichoweka mwanzoni, mara mia. Wengi huishia kupima maji ya beseni tu na kutoa kwenye jumla, wakidhani kisichokuwa kwenye maji lazima kimo ndani ya shanga. Kwa kurkumini dhana hiyo ni mbovu: iliyonasa kwenye kuta za bika, iliyooza na iliyozama kama vumbi huhesabiwa zote kuwa zimefungiwa, na ufanisi unatoka asilimia 97 ya kujidanganya. Pima pande zote mbili. Jumla ya kilicho ndani na kilicho nje ikikosa kufika asilimia 90 ya ulichoweka, tafuta kilikopotelea kabla ya kuendelea.

Hatua ya tano: kupima mwendo wa kuachia

Hapa ndipo kurkumini humpumbaza mtu. Weka shanga zenye kiasi kinachojulikana katika mililita 900 za asidi ya hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita, nyuzi 37, mzunguko wa mara 50 hadi 100 kwa dakika, kwa saa mbili. Kisha zihamishie kwenye bafa ya fosfati ya pH 6.8 na uendelee kwa saa sita au nane. Kila baada ya muda uliopanga, chota mililita 5, uzichuje, uzisome, na urudishe mililita 5 za majimaji mapya yenye joto lile lile.

Ukifanya hivyo tu, utapata matokeo ya ajabu. Katika bafa tupu kurkumini haiyeyuki vya kutosha, kwa hiyo chati itaonyesha kwamba shanga hazitoi kitu, na utashangilia mwendo wa polepole ambao kwa kweli ni ukaidi wa molekuli kwa maji. Zaidi ya hapo, ile inayofanikiwa kutoka huanza kuoza, na chati huinuka kisha hushuka, jambo lisilowezekana kwa kipimo cha jumla iliyoachiwa. Tiba yake ni kuongeza polisobati 80 ya asilimia 0.5 hadi 1 katika majimaji yote mawili, ambayo huisaidia kurkumini kuyeyuka na kuikinga kwa kiasi. Kuvifunika vyombo visipate mwanga. Kusoma sampuli mara tu zinapochotwa. Na mwishoni kupima kilichobaki ndani ya shanga. Weka pia chombo cha pili chenye kurkumini iliyokwisha yeyushwa, bila shanga, ili uione kasi ya kuoza kwake peke yake. Fanya kila jaribio mara tatu kwa uchache, na kando yake uweke dondoo lisilofungiwa kama kilinganishi.

Matokeo mema yanaonyesha kiasi kidogo tu, tuseme chini ya asilimia 15, katika tindikali, na kupanda kwa utaratibu kwenye bafa. Ukiona robo ya dawa imetoka katika dakika kumi za mwanzo, hiyo ni dawa iliyobaki juu ya ngozi ya ushanga; suuza zaidi au punguza shehena. Ili kujua kinachotawala mwendo huo, linganisha data na mlinganyo wa Takeru Higuchi wa mwaka 1961, ambao husema kiasi kilichoachiwa huenda sambamba na kipeuo cha pili cha muda pale dawa inaposambaa yenyewe kupitia ndani ya polima. Mlinganyo wa Korsmeyer na Peppas hutumiwa kwa asilimia 60 za mwanzo: kwa umbo la duara, kipeo cha muda katika mlinganyo huo kikiwa karibu na 0.43 msambao ndio unaotawala, kikifika 0.85, kuvimba na kulegea kwa polima ndiko kunakotawala. Mstari ulionyooka vizuri kwenye grafu bado hauthibitishi kwamba dawa imeingia kwenye damu. Hiyo ni kazi ya majaribio ya wanyama na watu, yenye kibali cha kamati ya maadili na mamlaka ya dawa.

Kabla mtu hajaimeza

Shanga zikivuka majaribio ya maabara, zipimwe bakteria na kuvu, madini mazito, na mabaki ya ethanoli, ambayo kwa miongozo ya kimataifa hayapaswi kuzidi sehemu 5,000 kwa milioni. Usiongeze piperini ya pilipili manga kwa mazoea tu. Ni kweli hupunguza kasi ya ini kuigeuza kurkumini, lakini huzigusa vivyo hivyo dawa nyingine anazotumia mgonjwa, na yameripotiwa madhara ya ini kwa watumiaji wa manjano yaliyoongezewa ufyonzwaji. Mtu akigeuka macho kuwa ya njano, akipata mkojo wa rangi ya chai au kichefuchefu kisichokoma, aache mara moja na aende hospitali. Wanaotumia wafarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, wenye mawe au kuziba kwa njia ya nyongo, na wajawazito, wasitumie bila daktari.

Mgonjwa wa baridi yabisi anayeacha methotreksati, dawa inayotuliza kinga ya mwili, kwa ajili ya dondoo lolote huweza kupoteza kiungo ambacho hakirudi. Na kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chekundu, cha moto, pamoja na homa, ni dharura, huenda kina usaha ndani, hakingojei kapsuli. Yapo pia maandalizi yanayouzwa kama mitishamba ya viungo ambayo yamekutwa na deksamethasoni, dawa kali ya kiwandani ya aina ya steroidi, iliyofichwa ndani. Kwa hiyo nafuu ya kustaajabisha ndani ya siku moja, kwa bidhaa inayodai kuwa ni mimea mitupu, ni sababu ya kuipeleka maabara.

Uhifadhi na lebo

Alginati kavu hunyonya unyevu wa hewa, ikawa laini na kubadili mwendo wake wa kuachia dawa. Jaza shanga kwenye kapsuli, kapsuli kwenye chupa isiyopitisha mwanga, pamoja na kifuko cha kukausha unyevu. Chupa kadhaa ziwekwe katika nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi sita, nyingine katika mazingira ya kawaida ya kuhifadhia kwa mwaka au zaidi. Kila zinapochotwa, rudia kipimo cha kurkuminoidi na kile cha mwendo wa kuachia, kwa sababu shanga huweza kuwa na dawa yote na bado zikawa zimepoteza mwendo wake. Lebo iandikwe miligramu za kurkuminoidi kwa kila kapsuli badala ya uzito wa dondoo, namba ya fungu, tarehe, onyo la mzio wa kamba na kaa, na maneno kwamba shanga zisitafunwe wala kusagwa.